Dawa ya kioo haibadilishi wipa: majibu kwa madai yanayozunguka Baraka na Fizi

Mvua za Septemba zinapokaribia, mazungumzo ya madereva wa mji wa Baraka, huku Congo, hurudi kwenye vioo. Bidhaa za magari hutufikia kutoka Bujumbura, Uvira na Kigoma, na kati ya vipuri na mafuta ya breki zimo chupa ndogo za dawa ya kufukuza maji. Unapaka kwenye kioo, unasugua, na muuzaji anakuapia kwamba mvua haitakusumbua tena hadi kiangazi kijacho.

Sina ugomvi na dawa yenyewe. Ni kitu cha kweli na kazi yake inaeleweka. Ugomvi wangu ni na maneno yanayouzwa pamoja nayo, kwa sababu dereva anayeyaamini habebi roho yake peke yake. Kwenye barabara ya taifa nambari 5, kutoka Uvira kupitia Makobola, Swima, Mboko na Lusenda hadi Baraka, kisha kupanda Fizi, gari moja lina akina mama na ndagala zao, wanafunzi, mgonjwa anayepelekwa hospitali, na vijana waliokaa juu ya mizigo. Wote hao wanategemea kile ambacho dereva anakiona kupitia kioo cha mbele. Kwa hiyo nayachukua madai haya moja moja.

“Ukishapaka dawa, wipa hazina kazi tena.”

Naanza na hili kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote.

Kioo kisafi hupenda maji. Tone likidondoka juu yake hutandaa na kuwa utando. Dawa hugeuza tabia hiyo. Zile za aina ya Rain-X, iliyobuniwa na Mmarekani Howard Ohlhausen mwanzoni mwa miaka ya 1970, huwa na silikoni iliyoyeyushwa ndani ya alkoholi pamoja na tindikali kidogo. Tindikali huisaidia silikoni kushikamana na kioo, alkoholi huruka hewani, na kinachobaki ni tabaka jembamba ambalo jicho haliwezi kuliona. Juu ya tabaka hilo maji hayatandai tena. Yanajikusanya kuwa tone la mviringo, na tone hilo likipata msukumo linateleza.

Msukumo huo ndio wa kuuliziwa. Matangazo ya dawa hizi hupigwa picha kwenye barabara za lami, gari likienda kasi, na upepo ndio unaoyapandisha matone juu ya kioo hadi yavuke paa. Kwa magari mengi upepo huanza kuifanya kazi hiyo ipasavyo mwendo unapofika kilomita 60 hivi kwa saa. Tena nguvu ya upepo haipungui sawa na mwendo. Ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inayobaki ni robo. Ukishuka kutoka 60 hadi 20, inabaki sehemu moja ya tisa. Sasa namuuliza dereva yeyote anayepita Swima au Mboko mwezi wa Aprili: ni wapi kwenye njia hiyo, mvua ikinyesha, utaweza kushika 60 kwa dakika tano mfululizo? Tunakwenda kwa gia ya kwanza na ya pili, tunakwepa mashimo yaliyojaa maji, tunasubiri lori lililokwama mbele litolewe. Upepo ambao dawa inauhitaji haupo.

Umbo la gari nalo lina neno lake. Land Cruiser za kazi na malori ya Fuso yana kioo cha mbele kilichosimama karibu wima, na huko tone kubwa huteremka kwa uzito wake hata gari likiwa limesimama. Kwenye magari madogo kama Probox kioo kimelala zaidi, na tone hukaa pale lilipoangukia. Lakini hata kwenye Land Cruiser ni matone makubwa tu yanayoteremka. Manyunyu hubaki, na manyunyu ndiyo yenye shida usiku, kwa sababu kila kitone hufanya kazi ya lenzi. Taa ya pikipiki inayokuja inatawanyika kioo kizima, na mtu anayetembea kando ya njia na mzigo kichwani anapotea ndani ya mng’ao huo. Kwa mwendo wetu, kioo chenye utando mwembamba wa maji uliopitiwa na wipa nzima kinaonyesha njia vizuri zaidi kuliko kioo chenye vitone vingi visivyosogea.

Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipata hataza ya wipa yake mwaka 1903. Zaidi ya karne imepita na hakuna kiwanda cha magari kilichothubutu kuiondoa wipa kwenye gari la kawaida kwa sababu dawa imepatikana. Hilo peke yake lingetosha kumjibu muuzaji.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye mpira wa wipa, au esuiglasi kama tunavyosema wengi huku. Jua la Juni, Julai na Agosti huukausha, vumbi hula ncha yake, na mvua ya kwanza inaukuta mgumu. Ukunje kwa kidole. Ukiona nyufa, au ukiona unaacha mistari ya maji kila unapopita, ubadilishe kabla hujafikiria chupa yoyote. Na ujue kwamba dawa iliyopakwa vibaya, isiyosuguliwa hadi iishe, huifanya wipa irukeruke na kupiga kelele badala ya kuteleza. Dereva aliyeambiwa kwamba wipa hazina kazi tena huzima wipa hapo hapo, akidhani ndivyo inavyotakiwa.

“Ya nini kununua? Mawese kidogo kwenye kitambaa, au mafuta ya taa, ni kitu kilekile.”

Siyo kitu kilekile. Ni kweli kwamba mafuta hufukuza maji, na dakika za kwanza utaona matone yakijikusanya. Lakini mawese na mafuta ya taa hayashikamani na kioo. Yanakaa tu juu yake, wipa inayatandaza, vumbi linaganda humo, na taa za usiku zinakuta utando wenye mafuta unaong’aa rangi rangi. Mafuta ya taa na dizeli vina ubaya wa ziada: huulainisha mpira wa wipa na mipira inayoshika kioo, ikavimba na kuharibika. Umeokoa pesa ya chupa, ukapoteza wipa na usiku wako pamoja.

Madereva wa zamani walikuwa na njia nyingine: kusugua kioo kwa tumbaku, kwa kiazi kilichokatwa, kwa kitunguu au kwa sabuni. Hizi nazitetea kidogo, maana zilikuwa na akili ndani yake, ila watu wanaziweka kwenye fungu lisilo lake. Sabuni haifukuzi maji, inayavuta. Inaondoa mafuta ya kioo na kuyafanya maji yatandae sawasawa, na kupitia maji yaliyotandaa unaona. Dereva ambaye wipa yake imekufa njiani, usiku, mbali na fundi, anaweza kujisaidia hivyo hadi afike kijiji cha mbele. Mvua kubwa huiosha sabuni kwa dakika chache, lakini dakika hizo zimewafikisha watu nyumbani.

“Maji ni maji. Osha gari ziwani, kausha, paka.”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona chupa hata moja inayoandika habari za ziwa Tanganyika kwenye lebo yake.

Maji ya ziwa letu yanaonekana safi kiasi kwamba mtu haamini kuwa yanaweza kuchafua kioo. Lakini Tanganyika ni ziwa lenye chumvi za madini nyingi, hasa magnesi, na kipimo chake cha uchachu kiko karibu na 9, yaani maji yake yameegemea upande wa magadi. Maji yanapokauka kwenye kioo kilichochomwa na jua, madini hayaruki pamoja nayo. Yanabaki kama madoa meupe ya mviringo. Gari linaloogeshwa ufukweni wiki baada ya wiki hujenga tabaka la madoa hayo, na dawa ikipakwa juu yake inashika madoa badala ya kukishika kioo. Madoa yakibanduka, nayo inabanduka.

Sabuni nayo huongeza tatizo. Sabuni ya kipande, ile inayopikwa kwa mawese na soda kali, ikikutana na magnesi hutoa ukoko mweupe usioyeyuka. Ndio ule unaouona ukielea kwenye beseni la kufulia. Ukoko huohuo unakaa kwenye kioo, na mtu anausugua kwa kitambaa kikavu chenye mchanga, anakichubua kioo kwa mikono yake mwenyewe.

Njia iliyo sahihi haina gharama kubwa. Mwaga maji mengi kwanza ili vumbi na mchanga viondoke bila kusuguliwa. Osha kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo haifanyi ukoko. Madoa meupe yapitie kwa limau au siki, yaache dakika chache, kisha suuza vizuri, kwa sababu tindikali ikibaki inakula rangi na chuma. Mwisho suuza kwa maji ya mvua uliyokinga kwenye bati. Maji ya mvua hayana madini, hivyo yakikauka hayaachi kitu. Sisi tunaolalamika kwamba mvua imezidi tunayo maji bora ya kuoshea kioo yakidondoka bure kutoka paani.

Baada ya hapo kioo kikauke kabisa, gari liwe kivulini, kioo kisiwe cha moto. Paka kwa mizunguko midogo, acha kikauke hadi kiwe na ukungu, sugua kwa kitambaa safi cha pamba hadi king’ae, kisha rudia mara ya pili. Alkoholi iliyomo inashika moto, kwa hiyo sigara na jiko viwe mbali. Kazi hii ifanywe mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua haijaanza. Anayekimbilia chupa wingu likiwa limeshafika juu ya rasi ya Ubwari amechelewa.

“Inadumu mwaka mzima.”

Hapana. Dawa za silikoni hudumu wiki kadhaa, labda mwezi au miwili kwa gari linalotunzwa, na hiyo ni kwenye lami. Kwetu kila mara wipa inapopita kwenye tope inaburuta mchanga juu ya tabaka lile, na sabuni kali inalidhoofisha kila gari linapooshwa. Kipimo ni rahisi: mwaga maji. Yakitandaa badala ya kujikusanya kuwa matone, dawa imekwisha, hata kama muuzaji alikuahidi kwamba itafika Pasaka.

“Inaondoa ukungu wa ndani.”

Madereva wanaopanda kutoka Baraka kwenda Fizi wanaujua ukungu huu vizuri. Unaondoka ufukweni kwenye joto, gari limejaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Unapanda mlima, hewa ya nje inapoa, kioo kinapoa nacho, na pumzi ya watu wote waliomo, pamoja na nguo zao zilizolowa, inageuka maji kwenye upande wa ndani wa kioo. Mvua iko nje, lakini kinachokuziba macho kiko ndani.

Dawa ya kufukuza maji ikipakwa huko ndani hufanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mvuke unaoganda hauwezi kutandaa, unakuwa vitone vidogo vingi, na vitone vidogo vingi ndio ukungu wenyewe. Unachotaka ndani ni kinyume chake: uso unaoyavuta maji yatandae. Hapa ndipo sabuni inapopata mahali pake halali. Tone moja la sabuni ya maji kwenye kitambaa chenye unyevu, limepakwa ndani ya kioo na kusuguliwa hadi lisionekane, linapunguza ukungu kwa siku nzima au zaidi. Kabla ya hapo ondoa mafuta ya vidole na moshi, kwa maana watu wana tabia ya kupangusa kioo kwa kiganja.

Kama gari lina kiyoyozi, kiwashe pamoja na hewa ya moto, uielekeze kwenye kioo: kiyoyozi hukausha hewa, joto hukipasha kioo. Kama hakipo, na kwenye magari yetu mengi hakipo, fungua kidogo madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Abiria atalowa bega. Amwelewe dereva, na dereva amwombe radhi mapema.

“Chupa ya bei kali ndiyo ya kweli.”

Bei ya juu inaweza kuwa ya dawa bora, na inaweza kuwa ya lebo nzuri juu ya mafuta ya silikoni yasiyoshika popote. Usinunue kwa lebo. Omba upake sehemu ndogo ya kioo, ngoja ikauke, isugue, kisha ioshe kwa sabuni ya vyombo na umwage maji. Kama matone bado yanajikusanya baada ya sabuni, dawa imeshikamana na kioo. Kama yanatandaa, ulichouziwa ni mafuta tu, na mawese yana bei nafuu zaidi. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekujibu tayari.

Zipo dawa za daraja la juu zaidi, zenye florini, kama Aquapel iliyobuniwa na kampuni ya PPG ya Marekani. Hizo zinadumu miezi mingi kuliko silikoni, na mtu akiniuliza kama zinafanya kazi nitasema ndiyo. Lakini sizipendekezi kwa watu wanaoosha magari ufukweni. Kemikali za kundi hilo karibu haziozi kabisa. Januari 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmaki, Norwei na Uswidi ziliwasilisha pendekezo la kuzibana katika Umoja wa Ulaya wote kwa sababu hiyo. Sisi tuna ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470 ambalo njia yake pekee ya kutokea ni mto Lukuga, kule Kalemie. Maji yanayoingia humo hukaa karne nyingi. Tunakunywa humo na tunavua humo. Ulaini wa kioo kwa miezi michache zaidi haustahili deni hilo.

“Kioo cha mbele kwanza, vya pembeni havina haja.”

Geuza maneno hayo uyapate sawa. Kioo cha mbele kina wipa, vya milango havina. Wala hakuna wipa inayopita kwenye vioo vya kutazamia nyuma. Huko tone likishakaa, limekaa, na dawa ndiyo msaada pekee ulionao. Vioo vya milango vimesimama wima, kwa hiyo tone linateremka lenyewe bila kungoja upepo, na kwa kuwa hakuna wipa inayovisugua, dawa hudumu huko muda mrefu kuliko mbele.

Kwetu kuna sababu nyingine. Congo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yaliyotoka Japani yana usukani kulia pia. Dereva amekaa upande wa mtaro. Kinachomjia usoni, na kila anachotaka kukipita, kiko kushoto kwake, mbali naye. Wipa za magari hayo zimepangwa zisafishe vizuri zaidi upande wa dereva, na zinaacha kipande kisichofikiwa kwenye ukingo wa kushoto, palepale ambapo lori linalokuja lingeonekana mapema. Ukiwa na dawa ya kutosha sehemu chache tu, anza na kioo cha mlango wa kushoto, kioo cha kutazamia nyuma cha kushoto, na kile kipande cha ukingo wa kioo cha mbele. Hayo ndiyo matumizi ninayoyatetea kwa moyo wote, na ndiyo ambayo sijamsikia muuzaji akiyataja.

“Magari ya mashirika yanatumia, ndiyo maana vioo vyao viko safi daima.”

Baraka imezoea Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada kwa zaidi ya miaka 20, na dereva wa teksi akiziangalia anatafuta siri ndani ya chupa. Siri iko asubuhi, kabla gari halijatoka: mtu anajaza maji kwenye tangi la kurushia kioo, anatazama mpira wa wipa, anasafisha kioo ndani na nje, anaweka alama kwenye karatasi. Tundu za kurushia maji zikiziba zinazibuliwa kwa sindano. Magari yetu mengi yana tangi kavu tangu yanunuliwe. Tope la lori lililo mbele likipiga kioo, hakuna dawa itakayoliondoa bila maji, na wipa ikipita juu ya tope kavu inachora kioo mistari isiyofutika. Mistari hiyo nayo dawa haiwezi kuijaza, hata mtu akikuambia vinginevyo.

Niongeze jambo dogo kwa wenye pikipiki na kwa wenye magari ya zamani yaliyowekewa plastiki mahali pa kioo kilichovunjika: dawa ya kioo ni ya kioo. Alkoholi na tindikali yake vinaweza kuitia plastiki nyufa ndogo na weupe. Kwenye kofia ya pikipiki tumia maji na sabuni laini, basi.

“Mwenye dawa haogopi mvua kubwa.”

Dai hili linasemwa kwa majivuno, na vijana ndio wanaolisikia. Mvua ikifika kiwango ambacho wipa mpya kwa kasi yake ya juu haishindani nayo, tatizo halipo tena kwenye kioo. Mashimo yamefunikwa na maji ya rangi moja na njia, kingo za barabara zimeanza kumeguka, na mito inayoteremka kutoka milimani inajaa kabla hujaona mvua iliyoijaza. Wakazi wa Uvira waliona usiku wa Aprili 2020 mito ikitoka kwenye njia yake na kuzoa nyumba na watu. Kioo kikavu kabisa kisingemwonyesha dereva kina cha maji yale.

Simama kabla ya mto, si katikati ya daraja wala chini ya kilima kilichokatwa. Toa gari kwenye njia, acha taa ndogo zikiwaka ili wa nyuma akuone, na waambie abiria kwamba mtangoja. Atakayenung’unika anung’unike. Mto ukishuka, tuma mtu atangulie kwa miguu na fimbo apime maji, kisha ndipo uwashe gari.